Kukausha Mbao Penye Mvua Nyingi: Tanuri la Kuondoa Unyevu na Seremala wa Bukoba na Muleba

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi hata 600. Mkulima wa migomba wa Kagera huishukuru mvua hiyo, lakini seremala wa mkoa huohuo huilipia, na mhadhara huu unahusu namna anavyoilipia na mtambo unaoweza kumpunguzia mzigo. Miti anayo. Mikaratusi na misindano, yaani paini, imepandwa kwenye vilima vya Muleba, migrevilea imesimama katikati ya kahawa, mishambya iko kwenye mipaka ya vibanja, na muhumula, ambao wengine huuita musizi, hukua haraka kuliko karibu mti wowote wa asili wa ukanda huo. Wataalamu wa mimea waliupa muhumula jina la Maesopsis eminii kwa heshima ya Emin Pasha, yuleyule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani hapo Bukoba mwaka 1890. Mti upo, msumeno upo, fundi yupo. Kinachokosekana ni hewa kavu.

Ubao uliokwisha kupasuliwa huendelea kupokea unyevu wa hewa na kuurudisha, mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Kiwango cha kulingana kimepimwa katika maabara na kinajulikana vizuri. Hewa yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80 huufikisha ubao kwenye maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Joto likibaki hilohilo na unyevu wa hewa ukawa asilimia 50, ubao hushuka hadi asilimia 9. Hewa ya kando ya Ziwa Victoria huelekea hali ya kwanza kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ya Dodoma wakati wa kiangazi huelekea ya pili.

Basi na ichukuliwe meza ya paini yenye upana wa sentimita 90, iliyoundwa Bukoba ikiwa na maji ya asilimia 16, kisha ikasafirishwa hadi ofisi moja ya Dodoma. Itapoteza pointi saba za unyevu. Paini husinyaa kwa upana wake takriban robo ya asilimia kwa kila pointi moja. Hesabu yake ni zaidi ya sentimita moja na nusu. Kama fundi ameukaza uso wa meza kwa gundi na skrubu kwenye fremu isiyoruhusu mwendo, sentimita hiyo na nusu itatafuta njia yake: uso utapasuka katikati au viungo vitaachana. Mteja atamlaumu fundi, fundi atamlaumu aliyemuuzia mbao, naye muuzaji ataapa kwamba mbao zake zilikaa ghalani miaka mitatu. Huenda anasema kweli. Miaka mitatu kwenye hewa ya Bukoba huufikisha ubao kwenye asilimia 15 au 16, na hata ikiwa miaka kumi, hautashuka zaidi ya hapo.

Hili ndilo jambo ambalo halijaeleweka vya kutosha katika biashara ya mbao ya Kagera. Mtu husema ubao ni mkavu kwa sababu umekaa muda mrefu. Muda peke yake haukaushi. Unachofanya ni kuupa ubao nafasi ya kulingana na hewa, na hewa yenyewe ikiwa na majimaji, ubao utabaki na majimaji yake.

Maji ya ndani ya mti ni ya aina mbili, na kila aina ina tabia yake. Yapo yanayojaa kwenye matundu ya mti, na yapo yaliyoshikamana na kuta za nyuzi zenyewe. Ya kwanza hutoka kwa urahisi, kama yanayochuruzika kwenye nguo iliyotolewa kwenye beseni. Ya pili ni unyevu wa nguo iliyokwisha kukamuliwa, ambao hautoki mpaka ipate jua na upepo. Mpaka kati ya aina hizo mbili uko kwenye asilimia 28 hadi 30 kwa miti mingi. Juu ya mpaka huo ubao hupungua uzito bila kubadili umbo. Chini yake huanza kusinyaa, na husinyaa kwa upendeleo: kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya kuelekea moyo wa gogo, na kwa urefu karibu si kitu. Ndiyo maana ubao hupinda kama bakuli na haubaki mnyoofu.

Asilimia zinazotajwa hapa ni uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa ubao uliokaushwa kabisa, kwa hiyo mti mbichi unaweza kuwa na asilimia zaidi ya 100 bila kosa lolote la hesabu. Kwa paini ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 400 za mti mkavu, kushuka kutoka asilimia 60 hadi 12 ni kuondoa kilo 192 za maji. Hiyo ni karibu pipa zima la lita 200. Lori lililobeba mita kumi za ujazo za mbao mbichi kutoka Muleba kwenda Mwanza hubeba karibu tani mbili za maji ambayo hakuna mnunuzi aliyeyaagiza, na mafuta ya lori hulipiwa kwa uzito wote. Ubao mkavu pia una nguvu zaidi: nguvu ya kuhimili kupindwa huweza kuongezeka kwa nusu au zaidi kutoka hali ya ubichi hadi asilimia 12. Misumari hushika vizuri zaidi. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, maelfu ya nyumba za Kagera zilihitaji kujengwa upya na kila mtu alitaka mbao za paa mara moja. Ubao mbichi ukipigiliwa hivyo ulivyo husinyaa ukiwa juu ya dari, na msumari hubaki umelegea kwenye tundu lake.

Watu wa Kagera hawakungoja mhadhara ili wajue kwamba moto hukausha. Mpini wa jembe huwekwa juu ya jiko, moshi na joto vifanye kazi yake taratibu. Viwanda vikubwa hufanya jambo lilelile kwa bomba na mvuke. Kule Sao Hill, Mufindi, kuna matanuri ya kukaushia mbao, na kiwanda cha ukubwa huo huwa na magome, mabanzi na vumbi la mbao la kuchoma kwenye boila. Hewa hupashwa moto ndani ya chumba, hupitishwa kati ya mbao, hujaa unyevu, kisha hutolewa nje kupitia matundu. Ufundi huu ni mzuri, ila kila hewa inayotolewa huondoka na joto lake. Mwenye vumbi la kuchoma bure haumii. Mwenye karakana ya mashine tatu pale Bukoba mjini hana boila, na hata akipewa hana wa kuilinda usiku kucha.

Njia ya jua nayo ina historia karibu kabisa na nyumbani. R. A. Plumptre, mtaalamu wa misitu aliyekuwa Uganda, alichapisha mwaka 1967 maelezo ya muundo na uendeshaji wa tanuri dogo la jua lililojengwa kwenye ukanda wa ikweta nchini humo, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Kanuni yake inafaa kukumbukwa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 14 za mvuke. Ikipashwa moto hadi nyuzi 40 bila kuongezewa wala kupunguziwa maji, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda hadi gramu 51, na unyevu wake hushuka hadi asilimia 27. Hewa ya Bukoba, kwa hiyo, inaweza kukaushwa kwa kupashwa moto tu. Tatizo ni kwamba wiki ambazo mbao zinahitaji jua zaidi, Machi hadi Mei, ndizo wiki za wingu na mvua.

Hapo ndipo tanuri la kuondoa unyevu linapoingia. Ndani yake mna mtambo uleule wa friji: kompresa, koili ya baridi, koili ya moto na gesi inayozunguka kati yake. Friji ya nyumbani hutoa joto la ndani na kulimwaga jikoni. Hapa koili zote mbili hufanya kazi kwa ajili ya chumba kimoja kilichofungwa. Feni husukuma hewa kati ya mbao. Hewa hutoka ikiwa imebeba mvuke. Sehemu yake hupita kwenye koili ya baridi, na mvuke hugeuka matone, matone hukusanyika kwenye sinia na kutoka nje kwa mpira mdogo. Hewa iliyopungukiwa maji hupita kwenye koili ya moto, hupata joto, na kurudi kwenye mbao. Hakuna tundu la kutolea hewa, wala hewa ya nje haiingii.

Faida kubwa iko mahali ambapo jicho halioni. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto sawa na theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Mvuke unapogeuka tena kuwa maji kwenye koili ya baridi, joto hilo lote hurudi. Kompresa hulichukua na kulipeleka kwenye koili ya moto. Tanuri la mvuke hulitupa nje, hili hulirudisha kazini. Kwa kila uniti ya umeme inayoliwa na kompresa, uniti mbili au tatu za joto hupatikana. Mmiliki anayekadiria kwa tahadhari aweke nusu uniti kwa kila lita ya maji, feni zikiwa ndani ya hesabu. Kwa ile mita moja ya paini yenye lita 192, ni uniti 96.

Kuna kitu kingine kinachofanya mtambo huu umpendeze mtu anayependa kupima. Maji yanayotoka kwenye mpira yanaweza kukingwa kwa ndoo. Mwendeshaji huandika lita za leo, za jana na za juzi, na kutokana na uzito wa mbao zilizomo anajua ubao umepoteza pointi ngapi kwa siku. Maji yakizidi ghafla, ukaushaji umekuwa mkali mno na nyufa zinakuja. Yakikatika kabla ya wakati, kuna mlango usiofungwa vizuri au feni iliyosimama. Matanuri machache ya aina nyingine humpa mtu taarifa wazi namna hiyo kwa gharama ya ndoo.

Ukaushaji wenyewe huenda kwa hatua. Mbao mbichi zikiingia, hewa huachwa na unyevu mwingi, asilimia 80 au karibu yake, na joto la wastani, nyuzi 30 hadi 40. Mtu asiyejua huona huko ni kupoteza muda. Lakini uso wa ubao ukikaushwa haraka, hutaka kusinyaa wakati kiini bado kimejaa maji na hakisinyai. Uso huvutwa na kupasuka nyufa ndogondogo. Kiini kikianza kushuka chini ya asilimia 30, unyevu wa hewa hupunguzwa kidogokidogo na joto hupandishwa hadi nyuzi 45 au 50. Paini ya inchi moja huweza kumaliza kwa wiki moja hadi mbili. Mkaratusi hautaki haraka hata kidogo: ukipashwa moto ukiwa mbichi, matundu yake hujibonyeza na ubao hutoka na mabonde. Kwa mti huo, upole wa tanuri hili ni sifa kuliko udhaifu.

Mwishoni kuna hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Ubao uliofika asilimia 10 unaweza bado kuwa na mvutano ndani yake, uso ukiwa umekakamaa huku kiini kikivuta. Kipimo chake ni rahisi. Kipande hukatwa kutoka katikati ya ubao, kikachongwa kama uma wenye meno mawili. Meno yakiinama kuelekeana, mvutano upo, na ubao huo ukipasuliwa katikati utabana msumeno. Dawa ni kurudisha unyevu ndani ya chumba kwa saa kadhaa ili uso ulegee. Saa hizo hazina mbadala.

Mbao nene zilizoachiwa ukingo wa asili wa gogo, zile ambazo hoteli na nyumba za kisasa hupenda kuzifanya meza, ni somo la peke yake. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kukausha huongezeka mara tatu hadi nne. Kipande cha inchi tatu cha mvule kikitiwa kwenye tanuri siku ya kupasuliwa kitalichukua tanuri miezi mingi na kuwanyima nafasi wengine. Njia ya busara ni kukipanga kwanza kwenye banda lenye paa na upepo, mvua isikifikie, mpaka kishuke hadi asilimia 25 au 30. Hewa ya Bukoba inatosha kabisa kwa kazi hiyo, hata ya vuli. Tanuri lije kumalizia sehemu ambayo hewa hiyo haiwezi. Ncha za gogo zipakwe nta au rangi nzito siku hiyohiyo ya kukata, kwa kuwa maji hukimbia kupitia ncha haraka kuliko kupitia uso, na ufa unaoanzia nchani husafiri. Moyo wa gogo uachwe nje ya kipande kila inapowezekana; pale ndipo pa kupasukia. Na anayetaka meza ya inchi mbili na nusu akate inchi tatu, kwa maana kipande kitapinda na randa italazimika kula.

Upangaji nao huamua mengi kuliko mtambo. Vijiti vya kutenganisha mbao viwe vya unene mmoja, karibu inchi moja, vipangwe kila baada ya sentimita 40 hadi 60, kimoja juu ya kingine kwa mstari wima kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa pembeni ya mstari, ubao ulio juu yake hukauka ukiwa umepinda, na hakuna kompresa itakayounyoosha. Juu ya rundo huwekwa uzito.

Kwa haki, mapungufu yasemwe pia. Mtambo huu hauanzi vizuri penye ubaridi. Usiku wa Bukoba hushuka hadi nyuzi 16 au 17, kwa hiyo hita ya umeme huhitajika kuupasha chumba moto kabla ya kompresa kushika kazi. Chumba lazima kizibwe kikamilifu na kuwekewa kizuia joto ambacho hakinywi maji. Ukuta wenye ufa huvujisha joto na mvuke nje, na mmiliki hulipia umeme wa kupasha anga moto. Mvuke wa mbao una asidi inayokula shaba, hivyo koili zisizopakwa kinga hazidumu. Joto la nyuzi 45 haliui wadudu watoboao mbao. Kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo hutaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, na tanuri lisilo na hita ya ziada halitafika hapo. Muhumula, ambao si mti sugu, unaihitaji hatua hiyo kuliko mvule.

Umeme ni swali halali. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme unaotoka Uganda kupitia kituo cha Kyaka, na wenye viwanda wanajua maana ya kukatika. Kwa tanuri lililozibwa vizuri, kukatika kwa saa chache si janga: joto hubaki ndani na ukaushaji husimama tu. Siku mbili bila feni, mbao zikiwa mbichi, ni habari nyingine, kwa sababu ukungu wa buluu hushika paini yenye maji zaidi ya asilimia 20. Jenereta ndogo ya kuzungusha feni pekee huokoa mzigo wote.

Wala si kila ubao unahitaji tanuri. Waunda mitumbwi na boti wanaohudumia visiwa vya Muleba, kuanzia Bumbire na Kerebe hadi Goziba na Ikuza, hawana sababu ya kulipia ubao wa asilimia 9. Utaingia majini na kuvimba. Asilimia 15 ya bandani inawatosha. Mbao za paa la Bukoba nazo zikifika asilimia 16 zimeshafika nyumbani. Wanaohitaji tanuri ni watengenezaji wa milango, makabati, vitanda, sakafu na meza, hasa wale wanaouza Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, ambako samani zitaishi kwenye hewa nyingine au chini ya kiyoyozi.

Karakana moja haiwezi kulijaza tanuri la namna hii kila mwezi, na tanuri lisilojaa ni hasara. Mpango unaoleta maana ni wa pamoja: chumba kimoja cha mita chache za ujazo, kinachokodishwa kwa mafundi kwa mita, chini ya chama chao au kwenye eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo. Bukoba sasa ina chuo cha ufundi stadi cha mkoa, cha VETA, kilichopo Burugo na kilichofunguliwa Oktoba 2022, na Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, chenye uzoefu wa kufundisha kazi za mbao. Mwendeshaji wa tanuri anahitaji mafunzo ya wiki, si ya miaka, lakini asiyefundishwa ataharibu mbao za wenzake mara moja, na baada ya hapo hakuna atakayemletea tena.

Kabla hata ya tanuri kununuliwa, kipima unyevu cha sindano kinaweza kuanza kazi. Ni kifaa cha mkononi, huchomwa kwenye ubao na kusoma ukinzani wa umeme kati ya sindano mbili. Vingi vimerekebishwa kwa mti wa Douglas wa Amerika Kaskazini, kwa hiyo kifaa kinapochomwa kwenye muhumula namba yake huhitaji kusahihishwa. Usahihishaji huo hufanywa kwa kukata kipande, kukisoma kwa kifaa, kukipima kwenye mizani, kukikausha kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike tena, kisha kulinganisha namba mbili. Jedwali la namna hiyo kwa muhumula, mushambya, mgrevilea na mkaratusi wa Kagera lingeweza kuandaliwa na wanafunzi wa Burugo wenyewe kwa muhula mmoja, na kubandikwa kwenye ukuta wa kila karakana, ili muuzaji na mnunuzi wabishanie bei wakiwa wanasoma namba moja.